SOMO LA MWEZI: VYOO VYA KUHAMISHIKA NA UPEPO MKALI



Kila ufikapo wakati wa mikusanyiko mikubwa katika Visiwa vyetu, iwe ni Sikukuu za Idi, sherehe za Mapinduzi za tarehe 12 Januari au Mwaka Kogwa wa Makunduchi mwezi wa Julai, viwanja hujaa watu kwa muda wa siku moja au siku chache tu. Viwanja vingi kati ya hivyo havina vyoo vya kudumu vinavyotosha. Kwa hivyo siku hizi hutumika vyoo vya kuhamishika, yaani vile vibanda vyepesi vya plastiki vyenye tangi chini ya kiti, ambavyo huletwa kwa gari na kuondolewa shughuli inapokwisha. Kadhalika vyoo hivyo huonekana penye ujenzi wa barabara na majengo.

Ni chombo chenye manufaa makubwa. Lakini kina aibu moja: upepo ukivuma kwa nguvu, huanguka. Madhumuni ya somo hili ni kueleza kwa nini huanguka, na nini kifanywe ili kisimame. Gharama yake si kubwa. Kinachotakiwa ni kujua na kukumbuka.

KWA NINI JAMBO HILI LISIDHARAULIWE

Wako watakaosema kwamba kuanguka kwa choo ni jambo la kuchekesha. Mwandishi wa somo hili aliwahi kuhudhuria hafla moja katika kiwanja kilicho karibu na bahari, katikati ya msimu wa Kusi. Choo kilichosimamishwa pembeni kiliangushwa na upepo, nacho kikaangukia mlango wake. Ndani alikuwamo bibi mmoja wa makamo. Vijana walikimbilia kuvuta mlango, na mlango uko chini umelaliwa na kibanda kizima. Zilipita dakika kadhaa kabla ya mtu mmoja mwenye busara kusema kigeuzwe ubavu. Bibi yule alipotolewa hakulalamikia maumivu. Alijifunika uso kwa buibui lake, akaomba apelekwe nyumbani kwa njia ya nyuma. Hapana aliyecheka siku ile.

Basi hasara ya kwanza ni hiyo: mtu kuumia, na sitara yake kuvunjwa mbele ya halaiki. Mwenye kuathirika zaidi ni mzee, mja mzito, mtoto na mtu mwenye ulemavu.

Hasara ya pili ni maradhi. Tangi likipinduka, uchafu humwagika juu ya ardhi ile ile ambayo watoto huchezea na wauzaji hutandika vyakula vyao. Visiwa vyetu vinaijua kipindupindu tangu zamani. Maradhi hayo yaliiangamiza sehemu kubwa ya wakaazi wa mji wa Unguja katika miaka ya 1869 na 1870, na katika miaka ya 2015 na 2016 yaliwapata maelfu ya wananchi wetu. Choo kilichopinduka ni kibaya kuliko kutokuwa na choo, kwa kuwa uchafu wa watu wengi humwagika mahali pamoja kwa mara moja.

UPEPO HUSUKUMA KIASI GANI?

Upepo una kanuni yake, na kanuni hiyo ni muhimu ieleweke: kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu ya kusukuma huzidi mara nne. Ikizidi mara tatu, nguvu huzidi mara tisa.

Tuchukue choo cha kawaida chenye upana wa sentimita 110 na kimo cha sentimita 230, ambacho kikiwa kitupu kina uzito wa kilo 90. Upepo ukikipiga ubavuni, msukumo wake ni takriban kama ifuatavyo:

Upepo wa kilomita 20 kwa saa: msukumo wa kilo 6.
Upepo wa kilomita 40 kwa saa: msukumo wa kilo 25.
Upepo wa kilomita 60 kwa saa: msukumo wa kilo 55.
Upepo wa kilomita 80 kwa saa: msukumo wa kilo 100 hivi.

Sasa tuulize: ni msukumo gani utakaokipindua choo hicho? Upepo husukuma katikati ya kimo, yaani sentimita 115 kutoka chini. Uzito wa choo nao hukivuta kibaki chini, lakini kutoka katikati ya upana wake, yaani sentimita 55 tu kutoka kwenye ukingo. Ukizidisha 90 kwa 55 na kugawa kwa 115, utapata 43. Maana yake ni kwamba msukumo wa kilo 43 unatosha kukiangusha choo chenye uzito wa kilo 90. Upepo wa kilomita 53 kwa saa huufikia msukumo huo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya upepo mkali kwa ukanda wa pwani, mara nyingi husikika kasi ya kilomita 40 kwa saa. Mtu anaweza kudhani kwamba choo chake kimesalimika, kwani kilomita 40 husukuma kilo 25 tu. Hapo ndipo penye kosa. Upepo hauvumi kwa kasi moja kama maji ya mfereji. Huja kwa mikupuo, na mkupuo mmoja waweza kuzidi wastani kwa nusu yake. Upepo wenye wastani wa kilomita 40 unaweza kuleta mkupuo wa kilomita 60, nao husukuma kilo 55. Choo kitaanguka.

Aidha hesabu hiyo ni ya choo kilichosimama sawasawa. Kilichoinama hata kidogo kuelekea upande unaokwenda upepo huanguka mapema zaidi.

FARUMI: FUNZO KUTOKA KWA MANAHODHA

Wazee wetu wa baharini hawakufundishwa hesabu hizi skuli, lakini walizijua. Nahodha hakubali kutweka tanga jahazi ikiwa tupu. Asipopata shehena, hupakia mawe au mchanga chini kabisa ya chombo, na uzito huo huitwa farumi. Choo cha kuhamishika ni jahazi tupu lililotwekwa tanga: mbavu zake ndizo tanga, na tangi lake ndilo ngama.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni kukitia farumi. Kikiongezwa kilo 60 chini kabisa, uzito wake hufika kilo 150, na msukumo wa kukiangusha hupanda kutoka kilo 43 hadi kilo 72. Hapo mkupuo wa kilomita 60 hauwezi kukiangusha.

Debe la maji lina uzito wa kilo 18. Debe hilo hilo likijazwa mchanga mkavu hukaribia kilo 30, na likijazwa zege hupindukia kilo 40. Maji yaweza kutiwa ndani ya tangi lenyewe pamoja na dawa yake, lakini yasiwe mengi mno, kwani tangi litawahi kujaa, na maji huyumba pamoja na choo. Mchanga na zege havihami. Mifuko ya mchanga au madebe ya zege yafungwe barabara kwenye mihimili ya chini ambayo choo kimekalia. Mfuko ulioegemezwa tu nje ya kibanda hauongezi uzito wowote: choo kitainuka na kuuacha ulipo.

Izingatiwe pia kwamba saa ya hatari si wakati choo kinapotumika sana, bali ni wakati kinapokuwa kitupu. Nyakati hizo ni mbili: usiku wa kuamkia shughuli, vyoo vikiwa vimeletwa wala havijatiwa maji, na mara tu baada ya gari la kunyonya uchafu kupita. Anayesimamia kunyonya tangi asiondoke kabla ya kurejesha maji na kuikagua farumi.

KUELEKEZA CHOO: KIBLA NA UPEPO

Jambo la pili halihitaji fedha hata kidogo, nalo ni mwelekeo.

Sisi katika Visiwa hivi tuna adabu ya kutoelekea Kibla wala kukipa mgongo wakati wa haja. Wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu choo chenye kuta, lakini tabia ya wazee wetu ilikuwa kuepuka popote inapowezekana, na wananchi wengi hupenda iwe hivyo. Makka iko takriban kaskazini halisi ya Unguja na Pemba. Kwa kuwa katika vyoo hivi kiti hutazama mlango, basi mlango yafaa uelekee mashariki au magharibi.

Adabu hii haipingani na kanuni ya upepo, bali inaafikiana nayo. Pepo zetu kubwa ni mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, kutoka kaskazini na kaskazini-mashariki. Kusi hushika tangu Mei hadi Septemba, kutoka kusini na kusini-mashariki. Mlango ukielekea mashariki au magharibi, pepo hizo hukipiga choo zaidi ubavuni kuliko mlangoni.

Lakini tutazame bawaba. Mlango hufunguka kwa nje. Bawaba zikiwa upande wa joshi, yaani upande unakotoka upepo, mlango unapofunguliwa husukumwa na upepo ujifunge wenyewe. Bawaba zikiwa upande wa demani, yaani upande unakokwenda upepo, mlango ukifunguliwa kidogo tu hujaa upepo kama tanga, hufunguka kwa kishindo, bawaba hung'oka, na kibanda chote huvutwa.

Kanuni ni hii. Simama nje ukitazamana na mlango uliofungwa. Ikiwa bawaba ziko mkono wako wa kulia, basi wakati wa Kusi mlango uelekee magharibi, na wakati wa Kaskazi uelekee mashariki. Ikiwa bawaba ziko mkono wa kushoto, fanya kinyume chake. Ukifanya hivyo, bawaba zitakuwa upande wa joshi daima. Usiku, choo kisichotumika kifungwe kitasa chake kwa nje baada ya kuhakikisha kwamba hamna mtu ndani.

VYOO VINGI VIPANGWEJE?

Mara nyingi huletwa vyoo vinne, sita au zaidi. Kosa linaloonekana sana ni kuvitawanya kimoja kimoja, au kuvipanga mstari unaokingama na upepo, kila kimoja kikipokea msukumo wake peke yake.

Vipangwe ubavu kwa ubavu katika mstari unaokwenda kaskazini na kusini, milango yote ikielekea upande mmoja, kisha vifungwe pamoja kwa mikanda ya kufungia mizigo ya malori, mmoja chini na mmoja juu. Upepo utokao kusini au kaskazini utakuta ubavu wa choo kimoja tu, lakini utatakiwa uinue vyoo vinne. Kwa hesabu ya darasani, vyoo vinne vilivyofungwa hivyo vina uzito mara nne na urefu wa kitako mara nne, na hivyo uimara wa mara kumi na sita dhidi ya upepo wa upande huo. Kiwanjani uimara hupungua, kwa kuwa mikanda hulegea na kunyooka, lakini tofauti bado ni kubwa sana.

Ilivyokuwa Kusi na Kaskazi zote mbili huelemea upande wa mashariki, mstari huo bado hupigwa mgongoni au usoni kwa sehemu. Upande huo mstari hausaidii. Kwa hivyo kamba za upande wa mashariki ni za lazima, na kama kuna ukuta imara wa kukinga upande huo, vyoo viwekwe nyuma yake. Vyoo visifungwe kwenye nguzo ya umeme, wala kwenye turubai la sherehe. Turubai hushika upepo mwingi kuliko choo, nalo litakivuta.

KAMBA NA ARDHI YAKE

Farumi na mpangilio hutosha kwa upepo wa siku nyingi. Kwa upepo mkali zaidi hapana budi kufunga kamba. Kamba ianzie juu ya kibanda, kwani huko ndiko inakopata nguvu, na ifike ardhini kwa umbali unaokaribia kimo cha choo. Mkanda upitishwe juu ya paa bila ya kuziba bomba la hewa. Kuta zisitobolewe misumari, maana plastiki huchanika. Namna ya kushikiza chini hutegemea ardhi:

(a) Ardhi ya udongo. Vigingi vya chuma vya sentimita 60 hivi vipigiliwe kwa kulazwa, vichwa vyao vikiinamia mbali na choo. Kigingi kilichosimama wima hung'oka upesi.

(b) Ardhi ya mchanga, kama ilivyo fukweni. Kigingi hapa hakifai. Fukia gogo au gunia lililojaa mchanga, likikingama na kamba, katika shimo la kina cha goti au zaidi, kisha shindilia vizuri. Uzito wa mchanga ulio juu ndio utakaoshika.

(c) Ardhi ya mawe ya matumbawe, kama sehemu kubwa ya kusini na mashariki ya Unguja. Kigingi hakiingii na shimo halichimbiki kwa urahisi. Hapa tegemea madebe ya zege, na panapopatikana jiwe kubwa lililoshikana na ardhi, lizungushie kamba.

(d) Lami na sakafu, kama ilivyo mjini. Usitoboe. Tumia uzito tu, tena uongezwe.

Kamba za nailoni na mikanda ya malori ni bora. Kamba za katani na za usumba hukaza zikirowa na hulegea zikikauka, kwa hivyo zikaguliwe asubuhi na jioni. Kila kamba itundikwe kitambaa cheupe ili watu wasijikwae gizani.

Uwanja nao usawazishwe kabla ya choo kuteremshwa. Choo kisiwe ukingoni mwa ukuta wa bahari wala ndani ya mita 30 kutoka kwenye kisima, na gari la kunyonya liweze kukifikia.

TUFANI

Yote yaliyotangulia yanahusu pepo za msimu. Tufani ni jambo jingine. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja majahazi bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika hadi karibu na Mafia. Endapo tahadhari ya namna hiyo itatolewa, hapana kamba ya kuaminiwa. Vyoo vinyonywe, vioshwe, na vipelekwe ghalani. Isipowezekana, vilazwe chini kwa makusudi, mlango ukiwa juu, na vifungwe hapo hapo.

CHOO KIKIANGUKA

1. Kwanza itwe: "Kuna mtu ndani?" Mtu huja kabla ya uchafu.

2. Ikiwa kimeangukia mlango, usivute mlango. Watu wanne wakigeuze taratibu kilalie ubavu, na mmoja azungumze na aliye ndani ili ajishikilie. Kisha mlango ufunguliwe.

3. Aliyeokolewa apewe nguo ya kujisitiri na maji ya kujisafisha, na watazamaji waondolewe. Ikiwa ni mwanamke, ahudumiwe na wanawake.

4. Watoto na wauzaji wa vyakula wasogezwe mbali. Uchafu uzungushiwe mchanga usitiririke, na Bwana Afya aitwe ili eneo litiwe dawa ya klorini. Uchafu usisukumwe kwa maji kuelekea mtaroni au baharini.

5. Wote walioshiriki wanawe kwa sabuni.

MASWALI YA KUJIPIMA

Maafisa wa shughuli, masheha na walimu wa skuli wanaombwa kuyajibu pamoja na wenzao:

(i) Choo chenye uzito wa kilo 90 kimetiwa madebe mawili ya mchanga. Ni msukumo wa kilo ngapi utakaokiangusha?

(ii) Shughuli iko Makunduchi mwezi wa Julai, na bawaba za milango ziko mkono wa kushoto. Milango ielekee wapi?

(iii) Gari la kunyonya limekuja saa kumi jioni, na upepo unazidi. Ni mambo gani mawili ya kufanya kabla halijaondoka?

Majibu: (i) Takriban kilo 72. (ii) Mashariki. (iii) Kurejesha maji na dawa ndani ya tangi, na kukagua farumi na kamba.

Kwa kumalizia, wananchi wote wanaokodi vyoo hivi kwa harusi, maulidi na mikutano wanakumbushwa kwamba mwenye shughuli ndiye mwenye dhamana ya wageni wake. Kabla ya kumruhusu mkodishaji aondoke, azunguke vyoo vyote na kukisukuma kila kimoja kwa mikono miwili. Kikiyumba mbele yake kwa mkono wa mtu, hakitasimama mbele ya Kusi. Tahadhari kabla ya hatari.